Mbuzi tuliyobaki nayo nyumbani ni ya kukunia nazi

Krismasi ya mwaka juzi tulienda Moshi kwa wakwe. Mume wangu ni Mchaga na Wachaga mnawajua wenyewe, ikishafika katikati ya Desemba hata kodi ya nyumba iwe inadaiwa safari ipo palepale, nauli itapatikana, na ukifika kule kuna mbuzi anakusubiri. Tulifika tarehe 20. Binti yangu, hapa nitamwita Kadogo, alikuwa na miaka 9, mdogo wake 4. Huyu mdogo nyumbani tunamwita Babu maana amerithi jina la marehemu baba mkwe, bibi yake akimuona tu ni "mume wangu njoo hapa", kwa hiyo nikiandika Babu humu mjue naongelea katoto kanakolamba ukoko wa sufuria.

Sasa huyo mbuzi alifungwa nyuma kwenye migomba, mweupe, ana doa jeusi kwenye jicho moja kama kapigwa ngumi. Kadogo akampenda. Kila asubuhi kabla hajanawa uso yuko kule anamlisha majani ya migomba, akampa na jina, Jicho, akawa anampigia stori za shuleni. Mi niliona na sikusema kitu, nikajua ndo mambo ya watoto wa mjini kushangaa wanyama, itapita. Kosa langu la kwanza hilo. Ningemwambia siku ileile kwamba huyu ni wa sikukuu. Mtoto aliyezaliwa kule analijua hilo tangu anatambaa, wa Tabata nani amwambie, yeye nyama anaijua ya bucha, inakuja kwenye mfuko imeshakatwakatwa.

Tarehe 24 jioni baba zake wadogo wakamchinja. Kadogo alikuwa ndani anasukwa, akasikia sauti, akatoka na nywele nusu. Hakulia. Alisimama kwenye kona ya jiko akaangalia baba yake mdogo anavyokinga damu kwenye bakuli ya kisusio (kwa wasiojua, kisusio ni supu ya Kichaga inayotiwa damu), afu akageuka akaenda kulala. Kesho yake kwenye sahani alikula ndizi tupu. Bibi yake akamsogezea kipande cha ini, kile cha heshima kabisa, akasema asante bibi nimeshiba. Tumerudi Dar bado ameshiba. Januari imeisha ameshiba. Nikipika nyama anasogeza pembeni, nikipika kuku ameshiba, siku ya samaki nikambana, akasema mama mi sitaki kula kitu ambacho kilikuwa kinatembea. Baba yake akamwambia samaki hatembei, anaogelea. Akafikiria kidogo. "Basi na kinachoogelea."

Kiswahili chenyewe hakikunisaidia hapo. Nikamuuliza kwa hiyo we sa hivi unataka kula mboga tu? Akaniangalia kama nimechanganyikiwa, "mama, nyama si ndo mboga?" Na ni kweli jamani, kwetu mboga ni kitu chochote kinachosukuma ugali, muulize jirani leo mboga nini, atakujibu mboga samaki. Na kule kwetu Muheza nilikokulia wazee wakisema leo hakuna kitoweo wanamaanisha hakuna nyama wala samaki, sufuria ya kunde inatokota palepale mbele yao, imejaa, ila kitoweo hakuna. Yani kunde zipo ila hazihesabiki.

Nimelifikiria sana hili neno hazihesabiki. Mi nimesoma bweni miaka sita, na kama umesoma bweni nchi hii huhitaji nikusimulie maharage. Siku sita kwa wiki, maji mengi, maharage yako chini kabisa unayatafuta kwa kijiko, na wale wadudu wanaoelea juu tulikuwa tunawaita protini. Jumapili wali na vipande viwili vya nyama, wanafunzi wanapigana. Tukitoka pale kila mtu ameapa kwamba akipata hela yake maharage na yeye basi. Mume wangu aliapa kabisa, tulivyoanza kuishi pamoja aliniambia wazi mke wangu nipikie chochote ila maharage nimeshayamaliza ya maisha yangu yote. Kwa hiyo kwa watu wa rika letu maharage ni shule, ni mwisho wa mwezi, ni mfungwa. Nyama ndo kufika. Mgeni akija unakimbiza kuku, hujawahi kusikia mtu anasema mgeni kaja, loweka choroko. Ndo maana Kadogo aliposema hataki nyama mi na baba yake tuliumia hata kabla ya kufikiria afya yake. Tuliona kama anatukataa sisi na jasho letu.

Basi nikafanya wanachofanya wazazi wengi, nikaondoa nyama kwenye sahani yake na sikuweka kitu. Sisi wali nyama na mchicha, yeye wali na mchicha. Sisi ugali samaki, yeye ugali na matembele. Siku ambayo sina muda, chipsi. Na chai ya rangi na chakula maana anaipenda. Nilikuwa najiambia si majani haya, mchicha unaongeza damu, tumefundishwa hivyo tangu la kwanza. Kufika mwezi wa nne mtoto anasinzia kwenye homuwek, akipanda ngazi anahema, ukimshusha kope la chini ndani ni peupe. Nikampeleka kupima, nikijua ni malaria. Malaria hamna, damu 10.4. Kwa umri wake inatakiwa angalau 11.5.

Pale kituoni nilikutana na dada mmoja wa lishe, mdogo tu kiumri, na alinipiga swali moja: mama, ulipoitoa nyama uliweka nini? Nikasema mboga za majani. Akatikisa kichwa. Mchicha hauchukui nafasi ya nyama, alisema, anayechukua nafasi ya nyama ni maharage na ndugu zake: kunde, choroko, dengu, mbaazi, njugu mawe, soya. Mchicha una madini ya chuma kweli, ila chuma cha kwenye mimea mwili unakipokea kwa shida tofauti na cha kwenye nyama, na mchicha peke yake mtoto angekula beseni. Afu akauliza anakunywa nini na chakula. Nilivyotaja chai ya rangi akacheka, akasema basi hata kile kidogo alichokula unakifukuza, maana chai inazuia chuma kisiingie, iacheni mpaka ipite saa moja au zaidi baada ya kula. Badala yake kitu chenye vitamini C palepale kwenye mlo, chungwa, pera, embe, limau la kukamulia, juisi ya ubuyu, hicho ndo kinakisaidia chuma kupita. Na pera lina vitamini C nyingi kushinda chungwa, hilo nilikuwa silijui, na mapera pale kwa jirani yanaoza chini ya mti. Tukapewa dawa ya kuongeza damu ya maji na dawa ya minyoo (minyoo nayo inakula damu, nyie msidhani kila kitu ni chakula), turudi baada ya miezi mitatu.

Nilitoka pale nimenuna maana kudaiwa maharage na mtoto wa juzi si kitu kidogo. Ila ndo ikawa kazi. Na kazi yenyewe niliielewa hivi, kwamba siwezi kumlisha mtoto maharage ya bweni afu nitegemee ayapende, kitu ambacho mimi mwenyewe nilikikimbia. Ikabidi nirudi nyuma kabla ya bweni. Kwa mama yangu, Muheza.

Kule asubuhi ya jumapili ilikuwa mbaazi za nazi na maandazi. Niliisahau kabisa hii ladha, yani niliiweka kwenye chumba kingine na maharage ya shule kwenye chumba kingine kana kwamba si ukoo mmoja. Nikampigia mama, nikamwambia nielekeze kama mtu asiyejua. Mbaazi loweka usiku kucha, asubuhi mwaga yale maji, chemsha kwenye maji mapya mpaka ukibonyeza kati ya vidole inasagika bila ubishi. Huku unakuna nazi, chuja tui la kwanza zito liweke pembeni, rudisha maji chuja la pili. Tui la pili ndo linaingia mapema na kitunguu, pilipili hoho, binzari kidogo na chumvi, linachemka na mbaazi mpaka linakaukia. Tui zito linaingia mwisho, na hapo mama alisema kwa sauti ya kunionya kabisa, usifunike na usiondoke, koroga taratibu upande mmoja mpaka lichemke, ukienda kujibu simu tui linakatika linakuwa kama maziwa yaliyoharibika. Na mara ya kwanza lilikatika kweli, nilienda kufungua geti.

Mbuzi ya nazi nilikuwa sina, nilikuwa natumia tui la boksi au nasaga kwenye blenda. Nikanunua, ya mbao, shilingi sijui ngapi pale Buguruni. Kadogo akaniuliza hii inaitwaje, nikasema mbuzi, akanyamaza, nikajua nimeharibu. Afu akaikalia, akaanza kukuna vibaya vibaya nazi inaruka, akasema "huyu angalau ndo yeye anakula." Tangu siku hiyo kazi ya nazi ni yake. Nimeona hii mara nyingi sasa, mtoto akishashika chakula kwa mikono yake kabla hakijaiva, kile alichokikuna, alichokichambua, akikiona kwenye sahani anakula kama anakilinda. Babu kazi yake ni kuchambua, namwagia choroko kwenye ungo anatafuta mawe, kila jiwe analihesabu kwa sauti, siku akipata mengi anafurahi sana mi nakasirika na muuzaji.

Kwa hiyo tukaanza hivyo. Kunde za nazi na wali. Dengu na chapati, hii hakuna mtoto anayeikataa, hata baba yao siku ya kwanza alikula akasema "dengu si maharage", nikamuacha na falsafa yake. Kisamvu cha karanga. Makande, na hapa niwaambie kitu, wazee wetu wa Upareni na kwingine walichanganya mahindi na maharage bila kwenda shule yoyote, na kumbe protini ya mahindi ina pengo ambalo maharage yanalijaza na ya maharage ina pengo ambalo mahindi yanalijaza. Si lazima viwe kwenye sufuria moja wala saa moja, ugali mchana maharage jioni inatosha. Bajia za kunde za shuleni, asubuhi nazikaanga kumi. Mbegu za maboga natupia kwenye kikaango bila mafuta, zikianza kuruka natia chumvi, wanatafuna wakiangalia katuni, zina chuma na zinki, na nilikuwa nazitupa miaka yote hii pamoja na utumbo wa boga.

Gesi tumboni je. Ipo, siwadanganyi, wiki mbili za kwanza nyumba ilikuwa na mambo yake na Babu alikuwa anacheka kila dakika. Ila tumbo linazoea. Kuloweka usiku mzima na kumwaga maji kunasaidia, na pia kuloweka huko kunapunguza vile vitu kwenye maharage vinavyozuia chuma, kwa hiyo ukiwahi kulala bila kuloweka kesho pika kitu kingine. Na kama gesi ya kupikia ndo inakutisha, mi napika kilo mbili jumamosi kwenye presha kuka, napoza, nagawa kwenye vifuko naweka friza. Siku za kazi ni kukaanga tu kitunguu. Nyama kilo imeshapita elfu kumi kwa hiyo upande wa hela sina cha kulalamika, muuza bucha ndo analalamika, juzi ananiambia mama Kadogo umetuhama.

Kuna watu wamenisaidia ambao wameishi hivi miaka yote na mi nilikuwa sijawahi hata kuwauliza. Kazini kwetu Posta kuna mama wa Kihindi, ukoo wao wametoka Gujarat enzi za babu zao, hajawahi kuonja nyama wala yai maisha yake yote, amelea watoto watatu wazima kabisa. Nilikuwa namuona na hotpoti yake kila siku lanchi na sijawahi kujiuliza mle ndani kuna nini. Yeye ndo alinifundisha kwamba dengu bila kitu kichachu mwishoni ni dawa, kamulia limau ukishaepua, na binzari nyembamba iweke kwenye mafuta ya moto peke yake mpaka ipasuke pasuke ndo umwagie juu. Na mtindi kila siku mezani. Akaniambia kuna ndugu zao wengine, Majaini, hata kitunguu, kitunguu saumu na viazi hawali kwa sababu ya dini. Nikamwambia dada usimwambie mwanangu hilo tafadhali.

Jirani yangu mwingine ni Msabato. Wasabato wengi nyama wanakula, ile iliyoruhusiwa kwenye Mambo ya Walawi, si nguruwe si kambale, ila wako wanaoenda mbali zaidi wanaacha kabisa na yeye ni mmojawapo. Akaniletea nyama ya soya, zile za pakiti unaloweka maji ya moto unakamua unaunga na nyanya. Mi niliona tamu. Kadogo akatafuna moja akairudisha, "mama hii inajifanya nyama, mi si nimesema sitaki nyama?" Na tangu hapo nimekubaliana naye. Kama mtoto ameacha kwa hiari yake usimtafutie sanamu ya alichokiacha, mpe chakula chenye jina lake mwenyewe. Najua wengine zinawasaidia, kila nyumba na yake.

Kitu kimoja nataka nikae nacho kidogo maana watu wakisikia mtoto hali nyama wanakimbilia unga wa lishe, ule wa vitu kumi na tano, mahindi, ulezi, soya, karanga, mchele, ngano, mbegu za maboga, dagaa humo humo. Kwanza Kadogo aligundua dagaa, ana pua ya paka. Ila shida kubwa ni karanga na mahindi. Sumukuvu ni sumu inayotengenezwa na ule ukungu unaoota kwenye nafaka na karanga zilizohifadhiwa na unyevu, na mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa kula mahindi yenye hiyo sumu, si hadithi. Na kuchemsha au kukaanga hakuiondoi. Sasa kama mtoto wako anategemea karanga na mahindi kuliko watoto wengine basi na wewe kuwa mkali kuliko wazazi wengine. Mi karanga nanunua nzima, tunamwaga mezani tunachambua, iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye vumbi la kijani, chungu mdomoni, nje. Iliyosagwa tayari sokoni sinunui tena, maana zile mbaya huwa zinaishia kwenye mashine.

Dagaa wenyewe ndo waliondoka mwisho. Mbuzi alikuwa wa kwanza kwa sababu ya Jicho, ng'ombe akafuata, kuku wiki moja baadae, samaki nimeshasema, ila dagaa alikuwa anakula kimya kimya na mi nilikuwa nashukuru Mungu moyoni maana wana kalsiamu na kila kitu. Mpaka siku moja amekaa ameshika dagaa mmoja kati ya vidole anamuangalia. "Mama wana macho." Nikamwambia kula mwanangu. "Wote wana macho, sahani nzima inaniangalia." Nikatoa sahani.

Mayai na maziwa anaendelea navyo na hapo sijamgusa wala sitamgusa. Dada wa lishe alikazia hili: kuna vitamini inaitwa B12, haipo kwenye mimea, iko kwenye nyama, samaki, mayai, maziwa. Anayeacha vyote lazima apewe kwa vidonge au chakula kilichoongezewa, hasa mtoto, maana ikikosekana inaharibu mishipa ya fahamu na unachelewa kugundua. Kwa hiyo nyumbani ni mtindi kikombe kila siku na mayai mara nne tano kwa wiki. Siku akiniambia na yai lilikuwa linatembea, tunarudi kituoni kwanza kabla ya kuondoa chochote.

Tulivyorudi kupima mwezi wa saba damu ilikuwa 11.9. Nilimpigia baba yake simu palepale kwenye benchi.

Shuleni ilikuwa vita kidogo. Wanakula wali maharage siku nyingi, hapo sawa, ila ijumaa ni pilau na pilau imepikwa na nyama. Kadogo akawa anachambua vipande anampa rafiki yake, rafiki yake amenenepa vizuri mwaka huu. Mwalimu wa zamu akamwambia aache deko, kuna watoto hawana hata hiyo. Ni kweli hawana, sibishani, ila mtoto alirudi analia na hakula ijumaa mbili. Nikaenda kwa adabu zote, nikasema siombi apikiwe, naomba ijumaa aje na hotpoti yake. Wakakubali. Saa nyingine unakwenda umejiandaa kupigana kumbe ulikuwa unatakiwa uombe tu.

Ndugu ndo kazi. Kwenye grupu la familia shangazi mmoja aliandika "mnamnyima mtoto nyama mnataka apate utapiamlo", na mwingine akauliza kama tumejiunga na dhehebu. Kwenye sherehe ya komunyo ya binamu yake mtu alimshika kidevu akamlisha finyango kwa utani. Akaitema kwenye mkono wangu. Nikasema asante, tumeshiba.

Na swali ninaloulizwa sana ni kama tumemlazimisha na Babu. Hapana. Babu anakula nyama, jumapili napika, baba yao jumamosi anaenda na wenzake kwenye choma na akirudi ananukia moshi mpaka kesho. Ila bila kupanga nyama imehama kutoka siku tano kwa wiki mpaka siku moja, kwa sababu nimechoka kupika sufuria mbili. Yule aliyemaliza maharage ya maisha yake sa hivi ananitumia meseji saa kumi "leo mbaazi?"

Sasa Moshi. Krismasi ya mwaka jana ilibidi turudi. Mama mkwe alikuwa ameshaambiwa kwenye simu na alijibu "haya" ile haya ambayo mke yeyote wa Kichaga anaijua maana yake. Siku ya kwanza akatuwekea mtori. Akamletea Kadogo bakuli lake peke yake, akasema nimekutolea nyama yote mama, kula. Kadogo akanusa. Akaniangalia. Mtori umepikwa na mifupa masaa matatu, kutoa vipande ni kama kutoa sukari kwenye chai. Nikasema mama, huyu hata mchuzi wake hali, na nikasikia jiko lote limenyamaza.

Mama mkwe akakaa kwenye kigoda. Akasema, wala hakupandisha sauti, mama Kadogo, mimi nikiwa kama huyu nyama tulikuwa tunaiona mtu akioa au akifa. Watoto tulikuwa tunapewa harufu. Nimechuma kahawa miaka arobaini nisomeshe hawa, na nilisema wajukuu zangu wakija hapa hawatakula ndizi na maharage kama mimi. Leo mjukuu anakuja anaomba ndizi na maharage.

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina. Nimewaandikia hapa habari za chuma na vitamini na kuloweka, ila lile sina, kwa sababu mwanangu ameweza kukataa nyama kwa vile ipo, na iliwekwa na huyo bibi.

Kesho yake asubuhi nilimkuta anamenya ndizi. Kiburu, ndizi na maharage vinapondwa pamoja. Alikipika amenuna, akakipiga mwiko kama ana ugomvi nacho, akamwekea Kadogo, akasimama pale pembeni na mikono kiunoni. Kadogo alikula sahani tatu. Bibi yake akasema "mh", akaondoa sufuria.

Afu akamvuta Babu, akamkalisha mapajani, akasema huyu mume wangu lakini hamtanichukulia, huyu ni wa nyama. Akachagua finyango nzuri ya mbuzi, akaipuliza, akamtia mdomoni. Babu akatafuna, anatafuna, afu akamtazama bibi yake usoni.

"Bibi, huyu alikuwa anaitwa nani?"